Mama Duka Akataa Kutia Sahihi

Miaka kumi na minne aliuza dawa katika duka dogo la mtaani, ndipo akaenda chuo kusomea ufamasia hasa. Alipoingia wodini kwa mafunzo ya vitendo alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na mfamasia aliyepewa kumsimamia alikuwa rika la mwanawe wa kwanza. Siku ya kwanza tu kijana huyo akambandika jina.

"Mama Duka, hapa hatuuzi vidonge vya kichwa. Simama nyuma."

Akasimama nyuma wiki tatu nzima. Akikosea swali, anachekwa. Akipatia, anaambiwa asijitie kujua. Wanafunzi wenzake nao walicheka, wakiogopa yasiwafike.

Kitanda cha saba alilala bibi mmoja mwenye kidonda mguuni. Asubuhi hiyo, madaktari wakipita, Mama Duka alikuwa ameshasoma majibu ya maabara. Figo za bibi zilikuwa hoi, na sindano aliyoandikiwa ilikuwa dozi ya mtu mwenye figo nzima.

"Samahani, daktari. Kwa figo hizi dawa itamjaa mwilini. Dozi ipunguzwe."

Daktari mkuu hata hakugeuka. "Nani kamuuliza huyu?"

Msimamizi akamjia juu. "Toka nje! Unatuaibisha!"

Alijifungia chooni, akauma kitambaa ili kilio kisisikike.

Siku ya nne ya sindano hiyo bibi akaacha kukojoa, uso ukamvimba. Mchana msimamizi akamwita Mama Duka stoo, sauti imelainika ghafla, mkononi ana fomu. Mahali pa aliyekagua dozi palikuwa pameandikwa: mwanafunzi.

"Tia sahihi, mama yangu. Ni utaratibu tu."

"Leo nimekuwa mama yako?"

"Usipotia, alama zako ninazo mimi."

"Kaa nazo. Jumba bovu hili haliniangukii mimi."

Koridoni binti wa bibi akamshika mkono. "Dada, mama yangu mlimpa nini?"

Angeweza kusema hajui. "Dawa ilikuwa nyingi kwa figo zake. Kamuulize daktari mkuu, na umwambie ni mimi niliyekwambia."

Bibi alisafishwa damu kwa mashine wiki mbili, akatoka akishikwa kwapani. Daktari hakuadhibiwa. Mama Duka alifelishwa kwa "utovu wa nidhamu", akarudia mafunzo yote katika hospitali nyingine. Huko hakuna aliyemsumbua, lakini kila akisikia viatu vya madaktari vikikaribia, jasho lilimtoka mgongoni. Mumewe alimsihi arudi dukani. Akamjibu kwa ukali asioukusudia, wakanuniana mwezi mzima.

Siku ya mahafali, yule kijana aliyemsimamia wodini alimfuata kati ya viti, meno nje. "Hongera, mfamasia mwenzangu!"

Mama Duka akautazama mkono aliopewa. Akampita, akaenda kupiga picha na wanawe.