Kanda Iliyobaki Ndani ya Deki

Niliitoa nyumbani deki ya mama ya kuchezea kanda za video bila kumwuliza, nikaibadilisha kwa TV bapa. Nianze na hilo, mwanangu, nisije nikajipamba. Najua nimekutangulia madarasa mawili tu, na bado nafagia uwanja wa shule kwa kuchelewa, lakini jambo hili lilinizeesha.

Kwetu ni Mpemba, karibu na Tunduma. Baba alifariki kabla sijajua kuongea vizuri, kwa hiyo sura yake niliijua kwenye kanda ya harusi yao tu. Kila mwaka, siku waliyooana, mama aliwahi kurudi kutoka shambani, akavaa kitenge chake cha heshima, akaiwasha. Picha ilikuwa ya kijani, inatetemeka, mistari inapita. Baba alikuwa akicheza, mikono inaruka kila upande.

"Mama, huyu anacheza kama anayefukuza ndege," nilimwambia mwaka jana. Alicheka mpaka akafuta machozi. Nikajiona mchekeshaji.

Basi mwaka huu, mama alipokwenda Ileje wiki mbili kumuuguza bibi, nikawaza: kama picha mbovu inamfurahisha hivi, HD je? (Sawa, nilitaka na mpira pia.) Nikampelekea fundi mmoja wa Tunduma TV yetu ya zamani ya chogo, deki na kuku wangu watatu. Nikarudi na TV bapa, kioo kimezungushiwa blanketi, bodaboda anaendesha kama amebeba mgonjwa.

Mama alirudi siku yao ya ndoa yenyewe. Akakitazama kioo, akakisifu, akavaa kitenge, akakaa.

"Haya, niwekee kanda."

Mwanangu, kanda ilikuwa ndani ya deki. Tangu mwaka jana hakuna aliyeitoa.

Tulimkuta fundi kibandani kwake. "Deki nimeichomoa mota, dogo," alisema. "Ule utepe niliupeleka kwetu Ndalambo. Tumeufunga shambani, ndege wanaukimbia."

Kesho yake tulikwenda. Utepe ulikuwa umevutwa juu ya mtama kutoka mti hadi mti, umekatika, umeungwa mafundo, unameta juani.

Sasa sikiliza. Picha safi si kosa. Mpaka leo naona jasho la golikipa. Ila ukitaka kubadilisha kitu cha nyumbani, kwanza muulize anayekitumia anatazama nini humo. Kama ni kanda, ipeleke ihamishwe kwanza, uione imehamia, ndipo ukatafute kioo. Na deki uichungulie ndani. Mimi HD yangu ninayo, cha kumwonyesha mama sina. Mungu akutunzie wazazi wako wote wawili, usije ukawatafuta kwenye kanda.

 Siku ile shambani, mama alisimama akausikiliza utepe ukivuma kwa upepo. Kisha akanishika bega.

"Ulisema anacheza kama anayefukuza ndege," aliniambia. "Haya, mwanangu, mwangalie."