Moshi wa Chumba cha Nyuma

Wakikuambia Katoro kwamba Stanslaus ni mwendawazimu, wakatalie. Mimi ndiye mkewe, Bernadina, na kwa hilo nagombana na yeyote. Mume wangu alikuwa na akili iliyotulia kuliko wanaume wote wa mtaa wetu. Wachimbaji wakigombania duara, yaani lile shimo la dhahabu, walimwita yeye. Anaketi, anamsikiliza huyu, anamsikiliza yule, kisha anasema, "Hasira ikae nje kwanza, tuongee." Hata ng'ombe akitaka kumnunua alimzunguka weee, mpaka mwenye ng'ombe achoke. Nilikuwa namtania kwamba nikishika moto jikoni, ataangalia kwanza upepo unatoka wapi.

Kazi yake ni kuchoma dhahabu. Wanamletea donge lililoshikana na zebaki, analiweka juu ya moto, zebaki inapaa kuwa moshi, dhahabu inabaki. Zamani alichomea mwaloni, kule wanakooshea dhahabu, kwenye uwazi, upepo unapita. Mwenzake alipovamiwa na majambazi, Stanslaus akahamishia jiko kwenye chumba cha nyuma hapa nyumbani, dirisha akaliziba kwa gunia. Nikamwambia, "Baba Loveness, moshi huo si mzuri." Akanijibu, "Mbona hata haunuki?"

Mwaka haukuisha. Mkono ukaanza kutetemeka, chai ikawa inamwagikia shati. Usingizi ukakata. Majina ya watu akawa anayasahau, mtu akibisha hodi anajificha chumbani. Na ukali sasa! Mtu ambaye hajawahi kunifokea alimrushia binti yetu Loveness kiatu kwa sababu mtoto amecheka. Nililia, jamani, sioni aibu kusema.

Nikampeleka hospitali Geita. Daktari alimweleza taratibu kwamba moshi wa zebaki unaingia kwa pumzi na kufika kwenye ubongo, na kwamba kutetemeka, hasira, woga na kusahau vyote vinatoka humo. "Acha kabisa kuchomea ndani," akamwambia. Stanslaus akaitikia vizuri tu. Kesho yake akaenda kwa mganga, naye akamwambia mbaya wake yumo humo humo nyumbani, na ni mwanamke.

Nyumbani kulikuwa na mimi, Loveness, na Mama Rhoda, mama yake mzazi, aliyemlea peke yake kwa jembe na pamba. Macho ya Mama yalikuwa mekundu. Kwa nini? Kuni! Tangu usichana wake anapuliza mabua ya pamba, na macho ya namna hiyo yamejaa vijijini kwetu kote. Lakini tangu siku ile mume wangu hakuona kitu kingine. Mama akifagia jioni, Stanslaus analiweka moyoni kwamba ni uchawi. Mama akimsalimu asubuhi, "Mwangaluka, mwanangu," anasema kakejeliwa. Mnofu wa samaki aliomfichia chini ya kawa, huo hakuuona.

Kwetu mnajua mwanamke mzee akishaitwa mchawi kwa macho yake mekundu, kinachofuata ni mapanga. Nikaanza kulala na hofu.

Nikapata wazo. Mdogo wake Stanslaus, Amosi, alikuwa anajenga huko Kambarage, mjini Shinyanga. Nikamshawishi Stanslaus tukamsaidie, Mama abaki na Loveness. Akili yangu yote ilikuwa kumtoa kwenye ule moshi. Tukakaa huko msimu mzima wa kiangazi, na haki ya Mungu mkono ukaanza kutulia! Siku moja alishika kikombe, akanywa mpaka chini, hata tone halikudondoka. Akacheka. Nikaruka kama mtoto nikasema, "Umeona? Daktari alisema kweli!"

Akaweka kikombe chini. Akanitazama kwa upole, akaanza kupanga maneno kwa sauti ile ile aliyowaamulia wachimbaji.

"Tulia, Mama Loveness, tupime. Nyumbani naumwa. Hapa napona. Nyumbani kuna nani ambaye hapa hayupo?"

Angefoka, ningejua ni ugonjwa unaosema. Huyu alikuwa Stanslaus wangu mwenyewe, na hesabu yake ilikaa sawa kabisa, isipokuwa hicho chumba cha nyuma hakukitaja. Nilikitaja mimi. Akasema, "Moshi? Mbona wewe huumwi?" Lakini mimi sikuwa naingia mle.

Tuliporudi Katoro, akawasha jiko lake, na kutetemeka kukarudi. Haikupita wiki, jirani yangu Ritha akaniita uani. Vijana wawili wa bodaboda, asiowafahamu, walikuwa wamemuuliza bibi wa kwetu analala chumba gani.

Sikuuliza kawatuma nani. Mchana ule ule nikampandisha Mama basi la Shinyanga aende kwa Amosi, kanga zake kwenye mfuko wa salfeti. Hakubisha. Alinishika mkono tu akasema, "Mwanangu umpikie vizuri, ndiyo hivyo anaumwa."

Nikajua sasa yameisha. Mama hayupo, mtu wa kusingiziwa hayupo. Stanslaus naye akahamishia jiko na lile gunia la dirishani kwenye chumba cha Mama, kwa kuwa kidirisha chake ni kidogo na mlango una komeo. Anashinda humo, akitoka hata vifungo vya shati hawezi kufunga, namfunga mimi. Kuni za Mama nazo nikazirithi, nikawa napuliza asubuhi na jioni.

Jana nilikuwa namfunga vifungo hivyo, akanishika kidevu kwa vidole vinavyotetemeka.

"Mama Loveness, macho yako yameanza lini kuwa mekundu?"

"Moshi wa kuni, Baba Loveness."

Akatikisa kichwa polepole, akawaza. Namna ile ile aliyomzungukia ng'ombe.

Leo asubuhi Ritha kaniita tena uani. Hakumaliza hata sentensi, nikamchukua Loveness nikaja stendi na nguo nilizovaa. Sasa tumo ndani ya basi, mtoto kasinzia. Nampenda mume wangu, na namwogopa, na chumba kile kitammaliza akiwa peke yake. Basi lilipoanza kuondoka simu ikaita. Nilipokea, kwa sababu nilitaka nimwambie kwa mara ya mwisho ang'oe lile gunia, afungue kile kidirisha.

Hakunipa nafasi. Sauti ilikuwa imetulia, ya upole kabisa.

"Kama si wewe, mke wangu, mbona umekimbia?"