Koti Lililoanikwa Ukonga

Kosa langu la kwanza katika maabara ya chuo lilikuwa kulipeleka koti nyumbani ili mama alifue.

Kila anayefanya kazi katika maabara ile, awe mwanafunzi au mtumishi, hutakiwa apate mafunzo ya usalama wa vimelea kabla hajagusa kitu. Mafunzo yetu yaliahirishwa, tukaruhusiwa kuanza kwa kuwasaidia waliotutangulia: kubeba visahani vya kuoteshea bakteria, kubandika lebo, kufuta meza. Sikuona tatizo. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe. Nilitazama video kwenye simu mpaka bando likaisha, nikasoma miongozo ya vyuo vya mbali, nikajizoeza kuvua glovu mbele ya kioo cha kabati bila vidole kugusa upande wa nje. Niliogopa kukosea mbele za watu kuliko nilivyoogopa ugonjwa wowote.

Kwenye video zile hakuna aliyesema koti lisipelekwe kwa mama. Nadhani waliozitengeneza hawakuwazia kwamba mtu anaweza kufanya hivyo. Hapa kwetu makoti yalipikwa kwa mvuke kwenye mashine ya kuulia vimelea, kisha yakafuliwa chuoni. Yalirudi ya manjano na yamekunjamana. Wenzangu waliyavaa hivyo hivyo. Mie sikuweza. Ijumaa nilikunja langu, nikalitia kwenye begi juu ya daftari, nikaenda nalo nyumbani Ukonga.

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuja kutoka bara akiwa na mimi mgongoni, akafundisha mpaka akajenga. Koti alilipokea kwa mikono miwili. Alilifua kwa sabuni ya mche, akalisuuza kwa bluu, akalianika mbele ya nyumba, si uani kama nguo nyingine.

"Mama Daktari," jirani alimtania akiwa kibarazani kwake, "leo umeanika cheti!"

"Litazame kwa mbali," mama akamjibu. "Ukilisogelea utaambukizwa akili."

Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka. Nikaendelea kumpelekea kila wiki.

Kisha akaugua. Tulidhani malaria, tukanunua dawa. Homa haikushuka, tumbo likamkamata, akalazwa. Vipimo vya kwanza vilionyesha dalili za homa ya matumbo. Daktari, kijana asiyenizidi sana umri, aliniuliza maji tunayokunywa, chakula, kama kuna mgonjwa mwingine nyumbani. Nilijibu yote vizuri. Hakuuliza ninafanya kazi gani, nami sikumwambia. Nilijua visahani nilivyokuwa nikibeba vilikuwa na nini. Utafiti wenyewe ulihusu bakteria wa homa hiyo hiyo, wale wasiosikia dawa za kawaida.

Nilijiambia nasubiri kuwa na hakika. Ukweli ni kwamba niliogopa kufukuzwa maabara.

Mafunzo yakafanyika wiki ile ile mama akiwa wodini. Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyezunguka darasani akiwa amevaa glovu iliyopakwa rangi ili tuone inagusa wapi. Alipofika kwenye mavazi akasimama.

"Nani hapa mama yake ndiye mashine ya kufulia?"

Darasa likacheka. Jamaa nyuma yangu akapaza sauti: "Huyu hapa, mwalimu! Koti lake lina mstari wa pasi kama suruali ya bwana harusi!"

Mkufunzi akanitazama. "Unafulia wapi, baba?"

"Hapa hapa chuoni, mwalimu."

Aliutazama mstari wa pasi. Kisha akasema na darasa zima: "Aliyepeleka koti nyumbani aje kwangu tukimaliza. Simfukuzi mtu. Nataka tu kujua nani kalishika."

Tulipomaliza alibaki mbele akikusanya vitu vyake taratibu, taratibu mno. Nilipita mlango wa nyuma.

Siku zile mama alikuwa akichomwa sindano ambazo hazikumsaidia. Homa ilipanda kila jioni. Akaanza kulalamika kwamba masikio yanalia, kama kuna mtu anasaga mahindi pembeni yake. Nilimfuta uso kwa kitambaa, nikamwambia yatapita.

Jioni moja akafumbua macho, akanishika mkono wa shati.

"Koti lako nani anakufulia sasa?"

"Usijali, mama."

"Usivae chafu. Watasema huna mtu."

Nilitoka wodini nikamtafuta daktari. Nikamkuta amesimama dirishani anakula andazi, nikamwambia yote, bila mpangilio, nikianzia mwisho. Aliliweka andazi chini.

"Hili ungeniambia siku ya kwanza," alisema. Hakufoka. Ningependa angefoka.

Usiku ule ule walibadilisha dawa. Nilimpigia mkufunzi simu. Alikuja hospitali mwenyewe asubuhi, na orodha ya vimelea vyetu. Homa ikaanza kushuka. Lakini mama hakusikia tena vizuri. Daktari alinieleza kwamba zile sindano za mwanzo, zikichomwa siku nyingi kwa mtu wa umri wake, zinaweza kuharibu masikio.

Je, ugonjwa ulitoka kwenye koti? Majibu ya maabara yalionyesha bakteria wanaofanana na wetu. Lakini kuna kisima mtaani, na wengine huchota humo. Mkufunzi alisema inawezekana, haijathibitishwa. Kwa hiyo sijui. Ninachojua ni siku nilizokaa kimya. Kwa hizo siwezi kukisingizia kisima.

Nilimwambia mama kabla hajaruhusiwa kutoka. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, nikayasema kwa sauti ya chini. Akasogeza kichwa.

"Unasemaje?"

Ilibidi nirudie kwa nguvu, na wodi nzima ikasikia. Mama alilinyoosha shuka lake kwa viganja.

"Mie ndiye niliyeliloweka kwenye beseni la mboga," alisema. "Nilitaka likae muda mrefu, liwe jeupe. Mie ndiye."

Nilimkatalia. Sijui kama alisikia.

Chuo kilinisimamisha, kisha kikanirudisha baada ya kupata mafunzo upya, tangu mwanzo. Mama hafundishi tena watoto wa mtaa jioni. Anasema anaona midomo yao tu. Nikizungumza naye hukaa kushoto kwake, upande wa sikio linalosikia kidogo, na humrudia neno bila kuchoka. Na kazini, nikimwaga hata tone, nasema hapo hapo, kwa sauti, mbele ya watu wote.