Mwambie Kukhu

Niliporudi kutoka Australia, wamama wa ploti yetu hapa Gatina, Nairobi, walikuja mlangoni wote, na hakuna hata mmoja aliyeniangalia usoni. Waliniangalia mgongoni. Walikuwa wanatafuta mtoto.

"Mama, na mjukuu?"

"Amebaki na wazazi wake."

"Na kile kitanda je?"

Kile kitanda. Kabla ya safari nilitengenezesha kitanda kidogo cha mbao kwa fundi wa mtaa wa Satellite, chenye vizuizi pande zote, nikakipaka rangi ya manjano kwa mkono wangu, nikakiweka karibu na dirisha. Nilimwonyesha kila aliyepita. Mdomo wangu haujui kukaa. Nilitangaza kanisani, nikatangaza pale ninapouza sukuma wiki, nikiwakatia watu mboga huku nawaambia: naenda kumchukua mjukuu wangu, amezaliwa kwa wazungu lakini atalelewa na mimi. Sasa kitanda kimewekewa ndoo na gunia la mkaa. Wacha niandike ilivyokuwa, kwa sababu nimechoka kuulizwa.

Binti yangu na mume wake wanaishi mji mdogo wa ndani huko, mbali na bahari, mji wa kondoo na ngano. Binti anatunza wazee. Anawaosha, anawageuza, anawalisha, usiku kucha. Mume wake yuko kwa kichinjio cha kondoo. Binti akirudi alfajiri, mume yuko mlangoni tayari na buti miguuni. Mtoto alipozaliwa wakawa wanapeana hapo hapo mlangoni: huyu anaingia, huyu anatoka, mtoto anabadilisha mikono. Mengine waliandikiana kwa karatasi na kubandika kwa friji. "Amekunywa maziwa yote." "Nguo ziko kwa mashine." "Nimekumiss." Hiyo ya mwisho niliikuta imekaa mpaka imeingia mafuta.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Nikae nao miezi mitatu mtoto anizoee, kisha nirudi naye Nairobi mpaka afike umri wa shule. Binti alisema kwa simu, "Mama, ukinisaidia hapo nitaongeza shifti, tujenge haraka, turudi."

"Na mume wako anasemaje?"

"Hajakataa, Mama."

Hilo jibu lilinipita. Ningelisikia vizuri ningeulizia tena.

Sasa, kwetu magharibi mama na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anachepuka. Si chuki. Ni heshima, tena nzito. Huyu kijana alipokuja kuoa nilimwona kisogo tu. Nilikubali kwenda kwake nikidhani wazungu wana nafasi, nyumba itakuwa na kijumba cha nyuma. Nikafika nikakuta vyumba viwili, bafu moja, jiko moja, na mlango wa chumba chao unatazamana na wangu. Mkwe akikohoa nasikia. Mimi nikigeuka kitanda kinalia, na yeye lazima anasikia. Aibu gani hiyo?

Nikaona gereji. Ilikuwa upande, ina mlango wake na paa lake, na gari lao halilali humo kwa sababu ya makatoni. Usiku wa pili, binti akishaenda kazini na mkwe akiwa nje, nilibeba godoro dogo, blanketi na mtoto, nikahamia gereji. Nikalala vizuri. Kule mtaa wa mabanda wa Raila, nilikoishi zamani, nililala pabaya kuliko hapo miaka na miaka. Asubuhi na mapema nikarudisha godoro, na kila usiku nikafanya hivyo hivyo. Sikumwambia mtu.

Siku ya tano mkwe alichelewa kuamka. Binti akarudi alfajiri akakuta gari barabarani, vioo vimejaa mvuke, na ndani mume wake amejikunja kama mtoto, viatu chini ya kichwa. Naye alikuwa amehamia gari tangu usiku wa pili kama mimi, kwa heshima, bila kumwambia mtu. Binti akafungua nyumba kuniuliza. Chumba changu, hakuna mtu. Chumba chao, hakuna mtu. Akaanza kupiga kelele akiita jina la mtoto. Mimi nikatokea gerejini na blanketi kichwani.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Mama analala gereji. Baba mtoto analala gari. Mimi nalala kazini nikiwa nimesimama. Hii nyumba tunamlipia nani? Friji?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwa ngazi. Kisha kicheko kikageuka, akalia, na mimi nikasimama tu na mtoto mkononi.

"Mama, Raila tulilala watu saba kwa chumba kimoja na pazia. Leo ndiyo unaniletea heshima?"

"Wale saba hakuna aliyekuwa mkwe wangu."

Tulifanya maelewano. Mimi nirudi ndani, mkwe arudi ndani, pazia nene litundikwe kwa korido, na yeye asiingie mahali popote kabla ya kukohoa ili nipate nafasi ya kupisha. Akakohoa kwa bidii. Alikohoa jikoni, alikohoa bafuni, alikohoa akitoka na takataka, mpaka jirani, mama mzee wa kizungu, akaleta chupa ya dawa ya kifua na sura ya huruma.

Na kuongea? Tuliongea kupitia kwa mtoto. Ndivyo watu hufanya, hata kwetu. Mkwe anasimama upande wake wa pazia, mtoto yuko kwangu.

"Mtoto, mwambie kukhu yako nyama iko kwa friji."

Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu.

"Mwambie baba yako nimeiona. Mwambie hiyo nyama ya kondoo kila siku, tutaanza kulia kama kondoo."

Mtoto anatoa povu tu mdomoni. Miezi tisa, meno mawili. Lakini ujumbe ulifika, na upande wa pili nikasikia mtu anajizuia kucheka. Huyo mtoto ni mrembo, niseme tu. Paji la uso ni langu. Wazungu walikuwa wanasimama dukani kumtazama, na mimi nilikuwa nasukuma kigari polepole wamalize kutazama.

Maisha yenyewe ya huko ni uchovu uliopangwa vizuri. Barabara safi, mapipa ya takataka yana vifuniko vya rangi, ndege wa asubuhi wanacheka kama walevi wa Kawangware. Ukisalimiwa, mtu anakuuliza habari yako na kabla hujajibu amefika kona. Binti alikuwa analala mchana, mapazia yamefungwa, mkono umening'inia kitandani kama wa mgonjwa. Nilikuwa naingia kumwangalia kama anapumua. Miezi miwili na nusu sikuwaona yeye na mume wake wamekaa kiti kimoja.

Karibu siku zangu zikiisha, wakapata likizo pamoja, siku nne. Mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe. Binti akasema twende bahari, Mama asiseme alifika Australia akaona kondoo tu. Tukatoka asubuhi. Huko wanaendesha upande kama wetu, dereva kulia. Mimi nilikaa nyuma yake kabisa, nisionekane, mtoto kando yangu kwenye kiti chake. Kabla ya kuwasha gari, mkwe aliinua mkono akageuza kile kioo cha ndani kitazame juu ya paa.

"Wewe," binti akamwambia, "utaonaje nyuma?"

"Nyuma kuna mama."

"Nyuma kuna malori!"

Na kweli yalikuwepo, malori yenye trela tatu, yakipita gari letu linatetemeka. Tulienda saa tisa nzima. Nchi tambarare, nyasi rangi ya simba, waya, waya, waya. Kangaruu niliowaona walikuwa wamekufa kando ya barabara, wamevimba kama magunia. Hao ndio kangaruu wangu, wamama wa ploti, msiniulize tena. Binti alikuwa anahesabu saa alizokosa kulala. Mkwe anaendesha, anapiga miayo, anaomba radhi kwa mtoto: "Mwambie kukhu baba hajasinzia."

Tukafika. Bahari ilikuwa kubwa, ya kijani, na baridi. Binti alitandika shuka chini ya mti, akatoa mkate, akasema tukila tutaenda kukanyaga maji. Kabla hajafungua mkate alikuwa amelala. Mume wake akakaa kando yake, amenipa mgongo kama inavyotakiwa, na yeye akaanguka hivyo hivyo. Wakalala midomo wazi, mguu wa huyu juu ya mguu wa huyu, na nzi wanawatembelea. Mtoto akanitoka mapajani, akatambaa mpaka katikati yao, akajibana hapo, akawa anavuta sikio la mama yake. Mama yake hakuamka. Mkono wake tu ulitoka ukamfunika.

Nilikaa nikiwatazama muda mrefu. Nilipeleka macho yangu yote Australia, na hicho ndicho kitu nilichokiona.

Mkwe aliamka kwanza. Hakugeuka. Alimchukua mtoto akampakata, akiangalia maji, na akaanza kuongea polepole, nikajua ananiambia mimi.

"Mtoto, mwambie kukhu kuna jambo. Mwambie baba yako alilelewa na nyanya yake. Mama yake alikuwa Nairobi anafanya kazi kwa nyumba za watu. Alipokuja kumchukua, baba alikuwa na miaka sita. Akaambiwa, msalimie mama. Akajificha chini ya kitanda mpaka huyo mwanamke akaondoka. Mwambie kukhu, mpaka leo baba na mama yake wakipigiana simu wanaongea hali ya mvua."

Hasira zikanipanda, kwa sababu tiketi zilikuwa zimekatwa na kitanda kimepakwa rangi.

"Mtoto, muulize baba yako. Kwa nini hakusema mapema?"

Mkwe akamvuta mtoto kifuani.

"Mwambie kukhu, ningesemaje? Na kwa nani?"

Ilikuwa kweli. Tulipanga mambo ya mtoto wake mimi na binti yangu kwa simu, na yule ambaye hakutaka hangeweza kunitazama, sembuse kunikatalia. Heshima yangu ilikuwa imemziba mdomo na mimi nikahesabu kimya chake kama ndiyo.

Na nisidanganye mtu, nilikuwa pia nimechoka. Nimelea sita Raila nikifua nguo za watu, na mtoto mgongoni, bila kupeleka hata mmoja kwa mama yangu. Kisha nikalea wajukuu wanne. Magoti yangu yanajua kila mmoja wao. Lakini huyu nilimtaka. Nilimtaka kwa dirisha langu, nimtoe asubuhi akaone boda boda zikipita, watu waseme huyo paji lake ni la nyanya.

Nilifungua mdomo nimpe mtoto jibu. Mtoto alikuwa amelala kifuani mwa baba yake. Hakukuwa na mtu wa kumtuma.

Basi nikaangalia bahari kama yeye alivyokuwa anaiangalia, na nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu:

"Mtoto atabaki kwenu."

Mabega yake yalishuka. Ni kama mtu ametuliwa gunia.

"Asante, mama," alisema. Ni maneno mawili, na ndiyo ya kwanza aliyowahi kuniambia.

Binti alipoambiwa alikasirika. Siku mbili hakuniongelesha. Tukiwa tumerudi nyumbani akanifuata jikoni, macho mekundu, amevaa ile sare ya kazi.

"Kwa hivyo Mama, mimi nitafanyaje?"

"Kama ulivyokuwa unafanya."

"Nitachoka!"

"Utachoka. Lakini atakujua."

Aliegemea friji, na zile karatasi zikaanguka. Akaziokota moja moja, akazibandika tena, akaenda kazini.

Nilirudi peke yangu. Kwenye ndege kiti cha kando kilikuwa kitupu, kile cha mtoto, na nilikiwekea kikoti changu kwa sababu sikutaka mtu aje akae. Nimeuza sukuma tangu wakati huo kama kawaida. Wengine hapa wanasema binti yangu aliniona mshamba akaninyima mtoto. Waseme. Kitanda sijakiuza.

Huko bado wanachoka. Kwa simu namwona binti amekonda shingo. Wanapeana mlangoni bado. Mtoto sasa ana miaka miwili na nusu, ameanza kuongea, na anachanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha yetu kama makanga wa matatu. Mkwe haonekani kamwe kwenye simu. Nasikia kikohozi tu, kisha mguu unapita haraka.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimetoka kanisani, viatu nimevua, miguu imevimba, sijawasha hata jiko. Simu ikaita. Alikuwa mtoto, uso umejaa kioo chote, paji lile lile. Kule nyuma nikasikia sauti ya mwanamume, chini chini. Mtoto akageuka akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akanirudia, amekunja uso kama mtu aliyetumwa kazi kubwa.

"Kukhu. Baba anasema, umekula?"

Nikakaa kwa kitanda changu.

"Mwambie bado," nikasema. "Mwambie ndiyo nataka kupika."

Akaenda kumwambia.