Fundi Umeme na Kiti cha Nyuma Kushoto

Fundi umeme wa magari wetu wa Makanyagio, hapa Mpanda, hafungui boneti kabla hajamhoji mwenye gari. Huegemeza sikio kwenye dashibodi kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, taa ya kupimia ikining'inia mdomoni, ndipo anauliza: "Likizima, mnakuwa nani na nani?" Kigari changu kikuukuu kilikuwa kinazima njiani, ila kikifika kwake kinanguruma vizuri, mpaka nikaonekana mwongo. Akanibana hadi nikamtaja mama mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hakai mbele na mimi. Hukaa nyuma, kushoto.

"Kamlete."

Mama mkwe alipokaa tu, gari likakohoa, likazima. Fundi, ambaye akiongea anasikika mpaka barabarani, akanong'ona: "Shikamoo mama. Naomba ushuke kidogo." Nikawasha, likawaka. Chini ya kiti, kila kikilemewa, springi ilikuwa inaubana waya wa pampu ya mafuta. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Fundi akainama: "Mama, mafundi wote wa Mpanda wameshindwa. Wewe umekaa tu, ukaligundua!"

Siku hizi gari lolote likimshinda, anatuma bodaboda imfuate mama mkwe. Naye anakwenda, na kitenge kipya.