Ndege Mdomoni mwa Rosebella

Mngemwona Rosebella akitoka msituni jioni, mngesema ana maringo. Hasalimii. Ukimwambia, "Niaje, Rosy," anakuinulia kidole na kupita, midomo imechongoka kama mtu anayepuliza chai. Msimhukumu upesi, jamani. Msichana huyo alikuwa amebeba ndege.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alijitolea katika hifadhi ya msitu iliyo ng'ambo ya ukuta kutoka Kibera, akiwafundisha watoto wa shule nje, chini ya miti. Mshahara hakuna, jaketi la kijani na githeri ya mchana, basi. Majirani wa mtaa wao, Kisumu Ndogo, walimcheka: "Umesoma mpaka fomu foo ndio ukahesabu majani?" Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni baba yake, Obiero.

Obiero alikuwa fundi wa viti mpaka vumbi la mbao likamla kifua. Mwaka wa pili huu hakuwa akitoka ndani. Lakini utotoni alichunga ng'ombe kule Siaya, na ndege wote aliwajua kwa sauti. Rosebella, mzaliwa wa Nairobi, alimjua kunguru na jogoo tu. Watoto walipomuuliza, "Ticha, hiyo ni gani?" aliona haya. Thuo, msimamizi wake, alikuwa na kitabu cha ndege, ila kitabu hakiimbi. Basi kila jioni Rosebella alimletea baba sauti moja kwa mluzi, naye baba akataja jina kwa Kijaluo na kisa chake: huyu huita mvua, yule mwizi wa mtama. Jina likaingia daftarini.

"Si nikurekodie tu na simu, baba?"

"Simu haina mapafu," Obiero alisema, akikohoa. "Nataka nimsikie ndani ya mdomo wako."

Ndiyo maana hakuongea njiani. Neno moja tu, na sauti inamwagika.

Alhamisi moja ya Juni alisikia mpya: milio mitatu mifupi ikipanda, kimya, kisha mmoja mrefu ukishuka kama mtu aliyekumbuka jambo. Akaubeba. Simu aliizima asubuhi, maana mbele ya watoto simu huzimwa, na hakuiwasha, isije ikalia ikamharibia. Kwenye njia panda, Kathini, jirani yao anayechemsha mahindi, alisimama alipomwona.

"Rosebella! Kuja hapa kwanza."

Rosebella akaweka kidole mdomoni, akapita.

"Wewe! Nimesema simama nikwambie!"

Akatikisa kichwa, akacheka kwa macho. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakila mahindi wakaangua kicheko. "Wachana naye, mathe. Huyo siku hizi anaongea na matawi pekee."

Kathini alitaka kupaza sauti, akajizuia. Habari kama ile mtu hatangaziwi barabarani mbele ya wanaocheka. Unamshika mkono, ukamketisha kwanza. Akaanza kuzima jiko na kukusanya mahindi yake, ili amfuate.

Nyumbani mlango ulikuwa umerudishwa tu. Kitanda kitupu, blanketi chini. Rosebella alidhani majirani wamempeleka baba chooni. Akaketi kwenye kigoda alichokichonga Obiero mwenyewe, akawa anairudia ile sauti polepole isimtoroke. Mitatu, kimya, mmoja mrefu. Nusu saa nzima. Nusu saa akimpigia mluzi mtu aliyekuwa amelazwa kwenye kliniki nyuma ya lile jiko la mahindi, naye akimuuliza kila anayeingia, "Rosebella amefika?"

Kathini alipokuja, alimshika mkono. Walikimbia. Walipofika, shuka lilikuwa limeshavutwa mpaka juu ya uso.

Wakamsafirisha Siaya. Baada ya maziko Obonyo, kaka wa marehemu aliyechunga naye ng'ombe, alimwambia, "Hebu nipigie huyo ndege, nikutajie." Rosebella akachongoa midomo. Ikatoka pumzi tupu. Alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Sauti ilikuwa imemwagikia mlangoni mwa kliniki.

Septemba alirudi msituni. Siku hiyo walikuja watoto ishirini na kitu wa shule kutoka mtaa uitwao Kawangware 46, na mmoja wao, Lavender, alimganda kama kupe. Wakiwa kijitoni ndege akaita. Mitatu, kimya, mmoja mrefu.

"Ticha Rosy, hiyo ni gani?"

Thuo akafungua kitabu. Rosebella akaweka kiganja juu ya ukurasa, taratibu.

"Simjui," akasema. "Kuna mtu nilikuwa nimuulize."

"Si umpigie tu simu, ticha?"

Rosebella akageukia maji. Thuo akawaongoza watoto mbele.

Saa ya kuondoka, mwalimu wao alikuwa akiita majina mlangoni mwa basi. "Lavender! Lavender!" Mtoto alisimama pale pale, kidole mdomoni, midomo imechongoka. Alikuwa amembeba ndege.

Rosebella akapiga magoti mbele yake, akaushusha ule mkono mdogo.

"Mwache aende," akamwambia. "Ukiitwa, mamii, itika."