Mama Kucha, mkaguzi anayeanzia kitandani

Saa moja na dakika tano asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu anavua viatu kizingitini, ananawa mikono na kuketi kando ya kitanda. Hatoi fomu wala kalamu. Anaushika mkono wa mzee aliyelala na kuzitazama kucha, moja baada ya nyingine. Zimekatwa vizuri, safi.

Kazi yake ni kukagua ubora wa huduma wanayopewa wagonjwa na wazee majumbani. Kwa mtindo huo wa kukagua, wahudumu wamembandika jina: Mama Kucha.

"Shikamoo, Fundi. Nimekuja kuona unavyohudumiwa."

"Marahaba," anajibu mzee, fundi cherehani mstaafu aliyepooza upande wa kulia, jicho moja bado limefumba. "Basi njoo saa mbili. Ndiyo saa nahudumiwa."

Mlangoni, binti yake, mkoba wa kazini begani, anadakia. "Umesikia mwenyewe, mama? Mhudumu anatakiwa hapa saa moja!"

Binti huyo ndiye aliyelalamika. Siku nyingine zote yeye huondoka saa moja kamili, na ni jirani aliyemtonya kwamba mhudumu huingia saa nzima baadaye. Kwenye jalada la huduma, hata hivyo, kwa miezi mitatu mfululizo imeandikwa saa moja, na sahihi ya mhudumu juu yake. Kampuni iliyomwajiri mhudumu ilikuwa imeshaandaa barua ya kumfukuza. Ilisubiri neno la mkaguzi tu.

Mama Kucha hakulitoa haraka. Alirudi kwa mzee.

"Fundi, akichelewa unaumia?"

"Nani kakwambia anachelewa? Mimi ndiye niliyemwambia aje saa mbili." Maneno yalimtoka kwa shida, lakini hakukubali kusaidiwa kuyamalizia. "Miaka arobaini nimeamka alfajiri kushona sare za watoto wa watu. Leo mguu umegoma, mkono umegoma. Usingizi nao mnaninyima?"

Binti alishusha mkoba. "Baba, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Saa mbili kasoro dakika mbili mhudumu aliingia, na mkaguzi akamuuliza kuhusu saa zilizoandikwa kwenye jalada. Hakujitetea sana. Alisema alimweleza msimamizi wake mara mbili kwamba babu anataka kulala, akajibiwa ratiba ni ratiba. Basi akawa anaandika saa ya ofisini na kuja saa ya mgonjwa.

"Hapo ulikosea," Mama Kucha alimwambia waziwazi. "Babu angeanguka saa moja na nusu, karatasi ingesema ulikuwepo. Ungejibu nini?"

Mhudumu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Mama Kucha aliyajua maisha hayo. Yeye mwenyewe alikuwa mhudumu kwa miaka kumi na minne, akiosha na kugeuza hadi wagonjwa sita kwa siku, mpaka mgongo ukamshinda. Anakumbuka mkaguzi aliyekuja zamani hizo, akasoma jalada sebuleni, akaaga.

"Alitupa alama tisini," anasema na kucheka. "Mgonjwa hata hakumwona! Nikajisemea, siku nikiipata kazi hii, nitaanzia chumbani."

Ana mwaka wa tisa sasa, na kwa mwaka hufika nyumba zisizopungua mia mbili.

Ripoti yake kuhusu nyumba ya Fundi haikumpendeza meneja wa kampuni. Mhudumu alipewa onyo la maandishi, lakini alama za chini kabisa ziliwaangukia waliopanga ratiba bila kumuuliza mgonjwa.

"Mama, unatuonea," meneja alilalamika. "Mzee mmoja tu!"

"Nionyeshe hata mmoja mliyemuuliza," alijibu. Meneja alipekua majalada thelathini na nane. Hakumpata.

Barua ya kufukuza ikachanwa. Siku hizi mhudumu huanza kwa mgonjwa wa nyumba ya pili, anayependa kuamka mapema, kisha anaingia kwa Fundi saa mbili. Binti huacha maji na simu upande wa mkono mzima, na jirani ana ufunguo. Bado hofu haijamwisha binti. Hupiga simu kila asubuhi saa moja na nusu, na baba yake hulalamika kwamba sasa yeye ndiye anayemwamsha.

Mama Kucha ameshaandika fomu mpya ya ukaguzi, ambayo wakubwa wake wameahidi kuijaribu mwaka huu. Maswali matano ya kwanza anaulizwa mgonjwa, si ofisi. Atastaafu baada ya miaka miwili, na kabla ya hapo anataka kuwafundisha wakaguzi kumi kuitumia.

"Iko siku nitalala mimi kitandani," anasema akifunga kamba za viatu kwenda nyumba nyingine. "Huyo atakayekuja kuniosha, nataka anikute bado nina ulimi wa kujibu, na yeye awe ameshazoea kuuliza."